Nyuzi kumi na tatu: mwongozo kamili wa maji moto kwa nyumba za Lamu na Malindi

Maji ya tangi la juu ya nyumba, Lamu au Malindi, huamka asubuhi yakiwa na nyuzijoto 27 hivi. Maji ya kuoga yanayomridhisha mtu mzima ni nyuzi 40. Tofauti ni nyuzi 13 tu. Nairobi na Limuru maji ya bomba huanza baridi zaidi, na shawa nyingi za umeme na hita zilizoko madukani zina nguvu ya kukabili baridi ya namna hiyo. Tukizifunga hapa pwani bila kuzirekebisha, tunapasha maji kupita kiasi kisha tunayapoza kwa maji mengine, na tokeni ya stima inakwisha kabla ya mwezi.

Utaratibu wa mwongozo huu ni mmoja. Pima unachotumia, punguza haja, tumia jua, halafu stima au gesi ije mwisho kuziba pengo. Anayekimbilia kununua mtambo wa sola kabla ya kupima hununua mkubwa kuliko haja yake, karibu kila mara.

Pima kwanza

Hesabu ni nyepesi: zidisha lita kwa nyuzi unazotaka kupandisha, kisha gawanya kwa 860. Jibu ni yuniti za stima. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 27 hadi 40 ni 20 mara 13, yaani 260; gawanya kwa 860, unapata yuniti 0.3. Shawa ya umeme ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 hula yuniti 0.92. Kuoga ni kule kule, gharama ni mara tatu.

Kujua yuniti moja inakugharimu shilingi ngapi, chukua ujumbe wa tokeni ya mwisho ugawanye pesa zote ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Usitumie bei ya stima peke yake iliyoandikwa pale, kwa sababu kodi na tozo nazo hutoka mfukoni mwako.

Halafu nunua kipimajoto cha jikoni. Pima maji ya tangi saa 12 asubuhi, upime tena saa 10 alasiri. Kama tangi ni jeusi na linapigwa na jua, alasiri utakuta maji yamepanda nyuzi kadhaa bila wewe kutia mkono, na kila uzi mmoja uliopanda ni sehemu moja kati ya zile 13 ambayo hutailipia. Ndiyo sababu ushauri wa kwanza haununuliwi dukani: hamishia kuoga kwa watoto na wazee alasiri, kabla ya magharibi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, kusi likivuma, watu huyalilia maji moto alfajiri, saa ambayo maji yamepoa kuliko saa zote.

Ndoo na kata

Kuoga kwa ndoo kuna heshima yake katika hesabu hizi. Hakuna kifaa kinachokupita. Kipimo cha kuchanganya ni sehemu 1 ya maji yaliyochemka kwa sehemu 5 za maji ya tangi. Hapo unapata nyuzi 39. Kwa ndoo ya lita 15 ni lita 2 na nusu za kuchemsha. Anayeteleka sufuria ya lita 5 kwa mtu mmoja amechemsha mara mbili ya haja, na yanayobaki hupoa yakamwagwa.

Tanguliza maji baridi ndooni, ya moto yafuate. Ukitanguliza ya moto na mtoto akafika kabla hujachanganya, ataungua. Kisha koroga kwa kata mpaka chini. Maji moto hukaa juu, ya baridi hujificha chini, kwa hiyo kiganja kinachogusa juu tu hukudanganya ukaongeza baridi bila haja. Kwa mtoto mchanga pima kwa kiwiko au kipimajoto: nyuzi 37.

Kwa mzee anayetaka maji ya vuguvugu ya udhu wa alfajiri, usiwashe moto usiku. Baada ya isha, suuza chupa ya chai kwa maji ya moto ili kuta zake zisinyonye joto la kwanza, kisha ijaze lita 1 ya maji yaliyotokota mpaka karibu na kizibo, maana nafasi tupu nayo hula joto. Chupa nzima huwa bado na nyuzi 65 hadi 70 alfajiri. Changanya na lita 3 za maji ya tangi, utapata lita 4 za nyuzi 37 hivi, na mzee akitumia kwa kata zinatosha na kubaki. Maji yakifika alfajiri chini ya nyuzi 55, gusa ubavu wa chupa punde tu baada ya kuijaza siku nyingine. Ubavu ukiwa na joto, chupa ya ndani imepasuka au imepoteza ombwe lake. Ubavu ukiwa baridi, kasoro iko kwenye kizibo.

Nyumba yenye mzazi aliye ndani ya arobaini ndiyo hutumia maji moto kuliko zote. Ndoo 3 za lita 20 kwa siku, kutoka nyuzi 27 hadi 42, ni 60 mara 15 kugawa kwa 860: yuniti 1 na kidogo kila siku, zaidi ya yuniti 40 kwa arobaini nzima. Hapo ndipo dumu la juani, tutakaloliona mbele, linapolipa hasa.

Jikoni

Birika la umeme lijazwe kwa kikombe: vikombe vya watu wanaokunywa, na nusu kikombe cha ziada. Lita 1 kutoka nyuzi 27 hadi kutokota ni yuniti 0.085, na kwa joto linalopotea hufika karibu 0.1. Chemsha mara moja, tia kwenye chupa. Kurudia kuchemsha maji yale yale kila mgeni anapobisha hodi ni kununua joto lile lile mara nne.

Kwenye gesi, miali isivuke kitako cha sufuria. Inayopanda ubavuni inapasha hewa ya jikoni. Kifuniko kiwepo tangu mwanzo.

Maji ya kunywa hula moto mwingi bure kwa sababu ya desturi ya kuyaacha yatokote dakika 10 au 20. Yakishatokota mapovu makubwa ya kupindua, dakika 1 inatosha kuua vijidudu kwa sisi tulio usawa wa bahari, zima moto. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha hata ukeshe nayo. Na maji safi yasiyo na tope yanaweza kutiwa kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, yakalazwa juani saa 6 kamili. Siku ya mawingu, siku 2.

Kuna jambo moja tunaliona halifanywi na ni utajiri unaomwagika. Sufuria ya lita 5 ya maji ya kunywa iliyotoka motoni huachwa sakafuni ipoe. Badala yake, ifunike vizuri, iweke ndani ya beseni lenye lita 15 za maji ya tangi, kina kifike nusu ya sufuria au zaidi. Korogakoroga ya beseni mara moja moja. Yakisubiriwa yalingane, maji yote yataelekea nyuzi 45. Kwa hiyo pima, na beseni likifika 39 itoe sufuria. Maji ya kunywa yamepoa haraka, na mtu mmoja amepata ya kuoga bila moto wa pili. Sharti ni moja tu: maji ya beseni yasiingie kwenye sufuria. Chagua sufuria yenye mdomo mrefu na usijaze beseni.

Anayepikia makaa, baada ya kupalia wali, makaa yanayobaki jikoni bado yana kazi. Teleka sufuria ya maji hapo hapo. Ila seredani, yaani jiko la makaa, isiingizwe chumbani au bafuni kwa ajili ya kupasha maji au mwili. Hewa ya makaa haina harufu na huua watu usingizini.

Shawa ya umeme

Hapa ndipo tokeni nyingi zinapoishia, basi tukae kidogo.

Shawa ya wati 5,500 ikitoa lita 4 kwa dakika hupandisha maji nyuzi karibu 20. Maji ya nyuzi 27 hutoka yakiwa 47, hayavumiliki, na mtu hufungua bomba zaidi ili yapoe. Anamwaga maji na stima kwa pamoja. Ukiiweka kwenye kiwango cha chini, cha wati 3,000 hivi, na kutoa lita 3 na nusu kwa dakika, maji hupanda nyuzi 12. Ndiyo tunayoitaka.

Fanya hivi. Zima shawa kwenye swichi yake kuu ya ukutani. Sogeza kitufe mpaka kiwango cha chini. Fungua maji kwanza, ndipo uwashe swichi. Elementi ikiwaka bila maji huungua kwa sekunde chache. Weka ndoo chini na upime dakika 1. Ikijaa chini ya lita 3, maji yanaweza kuzidi moto au shawa kujikata. Safisha matundu ya kichwa au inua tangi. Ikizidi lita 5, punguza kwa bomba la kabla ya shawa. Ukishapata kipimo, tia alama ya rangi kwenye mpini wa bomba ili kila mtu wa nyumba asimame hapo hapo. Na wakati wa kujipaka sabuni, maji yazimwe. Shawa ya dakika 10 huwa ya dakika 4 za maji.

Usalama hauna mjadala. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Shawa ya kawaida, ambayo elementi yake iko wazi ndani ya maji, itakuvujishia umeme kidogo kidogo: utahisi mtekenyo ukigusa bomba. Ukihisi hivyo, zima na usiitumie tena mpaka fundi aje. Nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambayo elementi imefunikwa. Iwe na waya wa ardhi uliofika ardhini kweli, kikata-umeme cha miliampea 30 kinachoruka umeme ukivuja, na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita 4 za mraba kwa wati 5,500, milimita 6 kwa wati 7,500. Waya mwembamba hupata moto ukutani, na joto hilo nalo umelilipia.

Hita ya gesi inayopasha papo hapo ni nzuri kwa matumizi, lakini nafasi yake ni nje ya ukuta. Vyoo vya nyumba za mawe za Lamu ni vidogo na havina dirisha la maana. Kuiwasha humo ndani ni hatari ile ile ya seredani.

Dumu, paipu na jua

Dumu la lita 20 lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa ndiyo sola ya mtu asiye na pesa. Lilaze ubavu wake mpana uangalie juu, juu ya gunia au makumbi ya nazi, lisigusane na sakafu ya dari. Likinge na upepo kwa ukuta au kipande cha mbao upande wa kusi. Upepo huiba joto. Acha nafasi ya vidole viwili, maana maji moto hutanuka. Liweke saa 3 asubuhi, uliteremshe saa 10 alasiri na kulifunika kwa blanketi mara moja. Siku ya jua utapata maji ya kuoga bila kuongeza chochote. Siku ya mawingu utapata nusu ya safari. Ukilifunika kwa kioo au plastiki angavu iliyoinuliwa vidole viwili, hupata joto zaidi. Dumu lililowahi kutiwa dawa au mafuta ya taa lisitumike.

Paipu nyeusi ya plastiki ya milimita 25, mita 50, iliyozungushwa juu ya mabati, hubeba lita 16 hivi. Iunge kati ya tangi na bafu. Mchana maji yaliyosimama humo yanaweza kupita nyuzi 60, yanaunguza, kwa hiyo lazima kuwe na bomba la baridi la kuchanganyia. Usiiunge kwenye pampu. Plastiki yenye moto hulegea na kupasuka kwa shinikizo. Usiku joto lote hutoka, basi hii ni ya alasiri tu.

Mtambo kamili wa sola

Anza na ukubwa. Lita 1 ya nyuzi 60 ikichanganywa na maji ya 27 hutoa lita 2 na nusu za nyuzi 40. Nyumba ya watu 5, kila mmoja lita 40 za kuoga, inahitaji lita 200 za nyuzi 40, ambazo ni lita 80 tu za nyuzi 60. Tangi la lita 100 linatosha, la 150 lina akiba ya wageni. La lita 300 kwa nyumba hiyo ni pesa zilizolala juu ya paa.

Mwelekeo ni rahisi kwetu: paneli itazame kibla. Kutoka Lamu na Malindi kibla ni kaskazini karibu sawasawa, na miezi ya kusi, tunapohitaji maji moto, jua la adhuhuri liko upande huo huo. Simama msikitini ujue inapoelekea mihrabu, kisha panda darini. Tangi la mtambo likae upande wa kusini, ncha ya chini ya paneli iwe kibla. Mwinuko uwe nyuzi 15: kwa kila mita 1 ya urefu wa paneli, kichwa kiinuke sentimita 26. Ukilaza kabisa, maji hayapandi yenyewe kwenda tangini na mvua haioshi vumbi. Kagua kivuli saa 3, saa 6 na saa 9; mnazi wa jirani unaogusa kona moja ya paneli unatosha kupunguza kazi ya siku.

Uzito ndio unaovunja nyumba. Tangi la lita 150 likijaa, pamoja na paneli na fremu, hupita kilo 200. Dari ya mawe na chokaa iliyobebwa na boriti za mikoko isibebeshwe katikati ya chumba; miguu ya fremu ikae juu ya ukuta, na kama haifiki, weka reli ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta. Paa la makuti halibebi kitu. Jenga jukwaa lake pembeni. Skrubu na bolti ziwe za stenlesi au zilizopakwa zinki kwa moto, kwa sababu upepo wa bahari hula za kawaida.

Kwa mtambo ambao tangi na paneli vimetengana, kitako cha tangi kiwe sentimita 30 juu ya kichwa cha paneli, la sivyo usiku maji hugeuka njia na kupoza yote yaliyopashwa mchana. Paipu ipande moja kwa moja bila kuinama katikati. Kila mbonyeo hushika hewa na maji husimama. Weka tangi karibu na bafu iwezekanavyo: paipu yenye tundu la milimita 20 hushika lita 3 kwa kila mita 10, nazo ni lita 3 za baridi unazomwaga kila ukifungua. Funika paipu kwa sponji ya mpira, na juu yake utepe au rangi, kwa kuwa jua la hapa huimaliza sponji iliyo wazi.

Paneli bapa au mirija ya kioo? Maji yakiwa matamu, kama ya bomba Malindi yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, paneli bapa hufaa na haivunjiki ovyo. Maji yakiwa ya kisima yenye chokaa, vijipaipu vya paneli huziba. Hapo chukua mirija, ambayo huchomolewa ikasuguliwa. Kwa Lamu, kila kitu huvuka kwa boti kutoka Mokowe kisha hubebwa na punda au mkokoteni, kwa hiyo agiza mirija 2 ya akiba pamoja na mtambo na usafirishe imesimama, imefungwa kwa makumbi.

Elementi ya akiba iliyomo tangini iwe na swichi yake yenye taa, na iwe imezimwa. Ikiachwa imewashwa, hupasha maji alfajiri, na jua likitoka halikuti kazi ya kufanya. Iwashwe saa 11 jioni tu, siku ambayo jua halikuonekana.

Hita ya tangi ya stima

Lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 ni yuniti 1.9, saa 1 hivi kwa elementi ya wati 2,000. Iwashe saa 1 kabla ya kuoga, uizime. Ikiachwa siku nzima hupoteza yuniti 1 au zaidi kwa kupoa na kujipasha tena. Weka kidhibiti kwenye 60, na usikishushe hadi 40 kwa nia ya kubana: maji ya vuguvugu yaliyokaa siku nyingi hukuza vijidudu vya maradhi ya mapafu. Ukirudi kutoka safari, pasha mpaka 60 kabla ya kuoga.

Chumvi na chokaa

Ukoko mweupe kwenye elementi ni blanketi kati ya moto na maji. Birika la umeme lijazwe nusu maji nusu siki, lichemshwe, liachwe dakika 30, lisuguliwe na kusuuzwa mara mbili. Ndimu hufanya kazi ile ile polepole. Kichwa cha shawa kilowekwe siki usiku kucha kila miezi 3; matundu yaliyobaki yameziba yachokolewe kwa sindano.

Tangi la chuma lina fimbo ya magnesi ndani, inayoliwa na chumvi ili tangi lisiliwe. Kwa maji ya kisima ikague kila miezi 6, kwa ya bomba kila mwaka. Zima stima, funga maji, mwaga lita chache, fungua nati yake juu ya tangi. Ikiwa bado nene, irudishe. Ukiona waya wa katikati umetokeza, badilisha siku hiyo hiyo, kwa sababu kinachofuata kuliwa ni tangi.